Nusu ya Jiwe la Kisima

Wamesimulia waliotutangulia, nao walikuwa wakisimulia kwa adabu na bila haraka, kwamba katika nchi ya Shamu, upande wa Haurani, alikuwako mwanamke mcha Mungu akiitwa Bibi Rayta, mjane wa Sheikh Ubada. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini na macho yake yameanza kuingia ukungu, lakini hakukosa sala wala hakumsengenya mtu. Kijiji chao kilikuwa na kisima kimoja tu. Kwenye ukingo wa kisima hicho palisimama jiwe jeusi lenye maandishi ya kale, na katika kijiji kizima hakuwa amebaki mtu wa kuyasoma isipokuwa yeye.

Haikuwa hivyo siku zote. Enzi za ujana wake, ikifika alasiri, Sheikh Ubada alikuwa akikaa penye jiwe lile pamoja na Shamuni, Myahudi mtia rangi nguo, na Afremu, mtawa wa Kinasara aliyekuwa akiteremka mlimani kuja kuteka maji. Mitungi ya mtawa ilijaa mapema, ila mwenyewe haondoki. Siku moja wakalishika neno moja la jiwe lile, lenye herufi tatu. Sheikh akasema, "Sisi Waarabu twasema malik." Shamuni akasema kwao ni melekh. Afremu akasema kwao ni malka. Wote watatu walikuwa wanamtaja mfalme, na herufi zilikuwa zilezile, mim na lam na kaf. Hapo msafiri wa Kihabeshi aliyekuwa akimnywesha punda wake akadakia, bila kuulizwa, kwamba kwao Amlak ni Mungu mwenyewe.

Sheikh Ubada alicheka hadi akafuta machozi. "Maneno haya ni ndugu wa mama mmoja," alisema. "Walitawanyika kutafuta maisha, kila mmoja akavaa nguo za nchi aliyofikia, lakini sura haikupotea." Kisha akamwita mkewe, akamshika kidole, akakipitisha ndani ya michoro ya herufi, moja baada ya moja. Ndivyo Bibi Rayta alivyojifunza maandishi ya kale, kwa kidole, na kidole chenyewe kimo mkononi mwa mumewe. Zilikuwa siku njema, na alizikumbuka mpaka mwisho wa uhai wake.

Miaka ikaenda. Shamuni alifariki, akafuata Afremu, kisha Sheikh Ubada naye akaitikia wito wa Mola wake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Akabaki Bibi Rayta na jiwe.

Ikatokea amiri mpya akalitawala jimbo lile, akakitamani kisima kwa ajili ya farasi na bustani zake. Wakili wake alikuja na hoja fupi: yasemekana jiwe lamtaja mfalme, basi kisima kilikuwa cha mfalme, na vya wafalme wa kale vyote sasa ni vya amiri. Wanakijiji wakatafute maji kwingine. Na kwingine kulikuwa mwendo wa siku nzima. Kadhi wa jimbo, mtu mwadilifu asiyependa maneno mengi, alipanda punda akaja kulisikiliza shauri papo hapo. Akauliza ni nani awezaye kulisoma jiwe. Wote wakamtaja Bibi Rayta, naye kadhi akasema atamsikiliza baada ya sala ya adhuhuri.

Kabla ya adhuhuri, Nufaili alipiga hodi kwa Bibi Rayta. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu Sheikh, na ndiye mkuu wa kijiji.

"Shemeji," alisema, "nakuomba kwa haki ya kaka yangu. Waambie lile neno ni jina la mtu. Waambie ni jina la mahali. Ni nani wa kukupinga?"

"Yupo wa kunipinga, shemeji."

"Najua yupo. Lakini wajukuu zako watakunywa nini?"

"Nenda katawadhe," alimjibu kwa upole. "Wakati umekaribia."

Nufaili akaenda zake na moyo mzito. Bibi Rayta akaingia chumbani, akasimama mbele ya shubaka la ukutani, akafunua kitambaa.

Mle shubakani mlikuwa na nusu ya pili ya jiwe. Miaka thelathini nyuma, ardhi ilitetemeka, jiwe la kisima likakatika, na watu wakadhani kipande cha chini kimetumbukia majini. Kumbe Sheikh Ubada alikiona kwenye kifusi, akakibeba nyumbani akisome kwa utulivu, akasema atakirudisha kesho. Kesho ile haikufika, kwani mapenzi ya herufi yalikuwa yamemzidi mzee wa watu. Alipokuwa kitandani akiaga dunia, alimwambia mkewe, "Rayta, lile jiwe si letu. Lirudishe." Akaitikia. Na sasa ilikuwa miaka kumi na miwili hajalirudisha. Kila baada ya sala ya alfajiri alipitisha kidole ndani ya herufi zile, na kwa kitambo kidogo mkono wa mumewe ulikuwa juu ya wake. Alimpenda mno, na hilo ndilo lililomfunga.

Alijua nusu ile inasema nini. Alijua pia kwamba akiitoa, kijiji kizima kitajua kuwa Sheikh wao, aliyewafundisha kurudisha amana, alikufa na amana ndani ya nyumba yake. Alilia. Kisha akatawadha upya, akaswali, akatoka.

Watu walikwisha kukusanyika kisimani. Kadhi akamuuliza neno lile ni nini. Bibi Rayta akalipapasa jiwe kwa kidole, ingawa hakuhitaji.

"Ni mfalme," alisema.

Minong'ono ikapita. Nufaili akakaa chini mavumbini. Wakili wa amiri akatabasamu, akasema, "Mama huyu ni mkweli, na maneno yake yaandikwe."

"Ushahidi wangu haujaisha, ewe kadhi," akasema Bibi Rayta. "Hili ni nusu ya jiwe. Nusu nyingine iko kwangu. Marehemu mume wangu aliichukua, akaniusia niirudishe, nami nimeikalia miaka kumi na miwili."

Hapo wakili akageuka kama si yeye. Akasema ushahidi wa mwenye kuficha mali ya watu haufai.

"Punde hivi ulisema ni mkweli," kadhi alimjibu. "Na mtu anayetaka kudanganya haanzi kwa kujishitaki."

Wanaume wawili wakaenda kulileta. Vipande vikaungana kama chungu kilichovunjika jana. Bibi Rayta akasoma: mfalme fulani alikichimba kisima hiki kwa kila mwenye kiu, mwenyeji na mpita njia, asizuiwe mtu, na Mfalme wa mbinguni ndiye shahidi. Kadhi akamwamuru karani wake anakili kila herufi, akaipeleka nakala kwa watawa wa mlimani bila kuwaambia Bibi Rayta alisomaje.

Majibu yalichukua siku arobaini, nazo zilikuwa nzito kwake kuliko ujane. Wanawake walinyamaza akifika kisimani. Jirani yake Suada, aliyekula naye futari miaka mingi, alipita mlangoni bila salamu. Nufaili hakukanyaga kwake. Bibi Rayta hakumtetea mumewe wala hakujitetea. Alisema tu, "Tulikosa, na Mola ni Mwingi wa kusamehe," akaendelea na nyuradi zake.

Kadhi akarudi na barua. Ilikuwa neno kwa neno kama alivyosoma Bibi Rayta. Watawa waliongeza kwamba jina la mfalme aliyekichimba halisomeki, kwani pale lilipokuwa pamelika. Watu wakainama kutazama. Pamelikaje? Ni kamba zao wenyewe, na za babu zao, zilizosugua ukingo wa jiwe tangu enzi na enzi wakivuta ndoo.

"Mfalme aliyechimba amefutwa na kamba za ndoo," kadhi alisema. "Aliyewekwa kuwa shahidi bado yupo. Kisima hakina mwenyewe miongoni mwetu." Wakili akapanda farasi wake, akaondoka na kiu yake.

Nufaili akamwendea Bibi Rayta akamwomba radhi. "Mwombee kaka yako," alimwambia. "Leo ndiyo ile kesho yake."

Nyumbani shubaka lilikuwa tupu, na alfajiri iliyofuata kidole chake kiligusa vumbi. Ikafika alasiri, akajikongoja mpaka kisimani, akakaa pale alipokuwa akikaa mumewe. Suada alikuwa akiteka maji, uso ameuinamisha. Bibi Rayta akamwita, akamshika kidole, akakipitisha taratibu: mim, lam, kaf.

Basi ndugu zangu, neno lile lilipita katika ndimi za mataifa mengi, na katika kila ulimi likamvisha taji mtu ambaye leo hatumjui jina. Nasi tunao mashubaka yetu, yamefunikwa vitambaa vizuri. Mwenye amana ya mtu na airudishe leo, maana Mfalme aliye shahidi hajaondoka kisimani.