Kilemba Kilichomshuka Chande Puani

Kilemba hufuata kichwa. Mmelisikia neno hili asubuhi kwa shangazi yenu, na sasa mmenijia wote kuuliza limetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za wafalme wa pwani, mji wa Shungujuu ulifiwa na mfalme wake. Mwanawe, Chande, alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, kwa hiyo wazee wakamweka ami yake, Bwana Tamimu, amshikie ufalme hadi akue. Wakakifungua kilemba cha marehemu, wakakifunga upya kichwani mwa Tamimu.

Na Tamimu alikuwa na kichwa, si mchezo. Watoto walikiita boga, akiwa mbali.

Desturi ya mji ilikuwa kwamba kilemba cha mfalme kikishafungwa, hakifunguliwi ila siku ya kufa kwake. Huvuliwa vilevile kilivyo na huvaliwa vilevile. Basi kila Idi Tamimu alikivua mbele ya watu, akamvika Chande. Kila Idi kikamshuka mpaka puani. Watu walicheka, na Chande mwanzoni alicheka nao. Tamimu alikitwaa taratibu, akasema mtoto bado, tungojeni kichwa kijae.

Miaka ikapita. Chande akaota ndevu, akajua kuamua kesi za watu, lakini kichwa chake kilikuwa cha baba yake, kidogo cha mviringo. Mama yake, Mwana Hadiye, alimwambia avumilie. Akavumilia, ila macho hakuyafumba. Alikaa nyuma ya ami yake barazani, akatazama.

Ndipo Tamimu akatangaza kuwa mji umechoka kungoja. Idi inayokuja, kilemba kisipomkaa Chande, atavikwa mwanawe yeye Tamimu, na huyo ndiye atakuwa mfalme. Mwana huyo kila mtu alimjua: boga la pili. Mwana Hadiye alilia. Chande akamwambia anyamaze, kwamba kosa ameshaliona lilipo.

Siku ya Idi ikafika, uwanja ukajaa. Tamimu alipoinua mikono avue kilemba, Chande akamzuia.

"Usinivike, ami. Kifungue kwanza."

Watu wakasogea karibu wasikie.

"Kilemba cha mfalme hufunguliwa kwa kifo," Tamimu akasema. "Unaniombea mauti, mwanangu?"

"Nakuombea umri mrefu. Nauliza tu, wewe ni mfalme?"

Tamimu akauona mtego. Akisema ndiye, amejitangaza mwizi mbele ya mji mzima. Akisema siye, desturi haimlindi tena.

"Mimi ni mwangalizi wako," akajibu.

"Basi mfalme aliyekufa ni baba, na chake kilifunguliwa. Hicho kimefungwa kwa kipimo cha mwangalizi. Mnangoja kichwa changu kikifikie kitambaa. Kichwa hakivutwi, ami. Kitambaa ndicho hukunjwa."

Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, "Kweli jamani. Hata mimi nguo najifunga kwa kiuno changu, sijifungi kwa kiuno cha jirani."

Kicheko kikaenea, na safari hii hakikuwa cha kumcheka Chande. Wazee wakainamisha nyuso, maana ni wao waliokifunga, na ni wao waliokuwa wakikitazama kikimshuka kijana wa watu, Idi baada ya Idi, wasiseme neno. Mkubwa wao akasimama, akakifungua. Kitambaa kilikuwa kirefu, kikatanda mikononi mwa watu. Chande akakaa, akafungwa mkunjo baada ya mkunjo, na alipoinuka alitikisa kichwa kwa nguvu ili kila mtu aone. Hakikusogea.

Tamimu alikuwa amesimama kichwa wazi, hajui aende wapi. Mfalme Chande akamwonyesha mkeka uliokuwa nyuma ya kiti, pale alipokaa yeye miaka yote.

"Kaa, ami. Utazoea."

Tangu hapo, mtu wa Shungujuu akiambiwa hatoshi kwa kilicho haki yake, hangoji akue zaidi. Humtazama msemaji usoni, akamjibu: kilemba hufuata kichwa.