Chungu cha Mafuta na Korongo

Mwanamke mmoja wa nyanda za juu alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo aliondoka nyumbani bila kupakwa mafuta.

Mtaujua uzito wa jambo hilo nikiwaeleza desturi ya kule. Kule kwenye baridi, mtu akiondoka kwenda mbali, mama yake humkalisha mbele ya moto na kumpaka mafuta ya kondoo kuanzia utosini hadi nyayoni, ngozi isipasuliwe na upepo njiani, na huko aendako wajue ametoka kwa watu. Atuganile, ndilo jina la mwanamke huyo, aligombana na binti yake Lusubilo kwa sababu ya mwanamume ambaye binti alimtaka na mama hakumtaka. Siku ya kuondoka, mama alikaa jikoni na chungu cha mafuta miguuni pake, akingoja aombwe. Binti hakuomba. Alipita mlangoni na mzigo wake, na tangu hapo hakurudi wala hakutuma salamu. Mama akabaki na chungu. Mafuta yakichacha aliyamwaga, akayeyusha mengine, akakijaza tena.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, alimkuta korongo kwenye uzio wa shamba la pareto, bawa limenasa kwenye waya na mfupa umevunjika. Ndege hawa huishi bondeni kwenye matete, kundi zima pamoja, na hawana mazoea na watu. Atuganile alimfunika kwa kitenge chake, akamchukua nyumbani, akalinyoosha lile bawa kwa vijiti vya mianzi na kulifunga. Akamlisha njegere, na nyungunyungu aliowachimba kwenye matuta ya viazi. Majirani walimcheka, wakasema Atuganile amepata mkwe mwenye miguu mirefu. Hakuwajali. Nyumba iliyokuwa kimya ilikuwa na mtu tena, na nisiwafiche, alimpenda yule ndege kupita kiasi.

Bawa likapona. Mvua zikaisha. Kila korongo wenzake walipopita juu wakiita, yule wa uani alinyoosha shingo na kuwaitikia. Atuganile alisikia, akajitia hamnazo. Alijiambia kwamba ndege bado hana nguvu, na aliendelea kujiambia hivyo mpaka kipupwe kikaingia na sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ikaanza kuunguza majani ya viazi. Ndipo wifi yake Subilaga, dada wa marehemu mumewe, akamsihi amwachie kabla baridi haijakolea, maana korongo huipita baridi akiwa na wenzake. Atuganile akakubali shingo upande.

Siku ya kumwachia akakoka moto mkubwa. Akamlaza ndege mapajani, akakifungua kile chungu. Subilaga alipofika alimkuta amekwisha kumpaka kifua na mgongo, sasa yuko kwenye mabawa, unyoya baada ya unyoya, machozi yanamtiririka.

“Wifi, mwache aende kama alivyokuja,” Subilaga alisema.

Atuganile hakuinua uso. Mmoja alikwisha kupita mlango ule akiwa mkavu, na hakuwa tayari kumwona wa pili akipita hivyo hivyo. Akamaliza kupaka.

Wakamwachia juu ya bonde. Ndege akaruka kwa shida, akayumba, akateremka mpaka kwenye matete, na wenzake wakampisha akasimama katikati yao. Atuganile alirudi nyumbani moyo umemtua. Kwa mara ya kwanza tangu binti aondoke, alijiona mama aliyetimiza wajibu wake.

Lakini manyoya ya ndege ndiyo blanketi lake, na blanketi hilo hushika joto likiwa kavu na limetutumka. Manyoya ya korongo wa Atuganile yalikuwa yameshikana kama nywele za mtu aliyenyeshewa, na baridi ikapenya katikati yake hadi kwenye ngozi. Asubuhi wote waliamka na sakitu migongoni. Wenzake walijitikisa, ikadondoka. Ya kwake ilibaki. Alikuwa akijichambua kifua kwa mdomo kutwa nzima, hali, hanywi, na mafuta hayatoki. Alipoona anakufa alitoka kundini, akapanda mlima kwa miguu kurudi pale alipojua pana moto.

Atuganile alimkuta kwenye rundo la kuni nyuma ya jiko, amekufa, lile bawa lililopona limekunjwa vizuri ubavuni. Alipomnyanyua, mikono yake ikanuka mafuta ya kondoo. Akaelewa yote papo hapo, na hakuhitaji mtu wa kumweleza. Kule bondeni kundi lilikuwa likiruka, wepesi, wote wazima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupakwa kitu. Akaketi juu ya kuni na kulia kilio ambacho hakukilia siku binti yake alipoondoka. Subilaga alikuja kuomba kaa la moto, akamwona. Hakumkumbusha neno alilomwambia. Aliketi naye tu, mpaka jua likayeyusha sakitu juu ya paa.

Bawa alilitibu kwa ajili ya ndege, na ndege akaruka. Basi ninyi wenye watoto, ninyi wenye wake na waume, ninyi mnaowapenda watu wenu hata mnawabana pumzi, jiulizeni kabla hamjafungua vyungu vyenu: siku ile mbele ya moto, Atuganile alikuwa anampaka nani?