Kontrola Mpya Isiyojua Kazi

Ndugu zangu, leo nawapeleka kiwandani. Msiogope kuchafuka, ni kiwanda cha sabuni.

Kiwandani humo alikuwamo fundi umeme mmoja, mtu mzima, mwenye mke na watoto, na kanisani kwao aliimba besi. Kazi yake ilikuwa kuangalia mashine kubwa inayokata sabuni za mche. Mashine hiyo iliongozwa na kisanduku kidogo kilichofungwa ukutani, mafundi wanakiita kontrola. Kontrola ndiyo inayoiambia mashine: vuta, simama, shusha kisu. Ikinyamaza, machuma yote yale yanabaki pambo.

Aliyeandika maagizo yote ya kontrola ile alikuwa mzee mmoja, mkuu wa zamu. Huyo huyo ndiye aliyemfundisha fundi wetu kazi, tangu siku alipokuwa hajui hata kushika bisibisi. Sasa sikilizeni kilichotokea. Siku moja fundi aliunga waya mahali pasipo pake, mota ikaungua. Wakaitwa ofisini wote wawili.

"Nani aligusa hapa?" meneja akauliza.

Fundi akaangalia viatu vyake. Mzee akamtazama, akamngoja kidogo aone kama atafungua mdomo. Hakufungua.

"Mimi ndiye mkuu wa zamu," mzee akasema. "Andikeni jina langu."

Wakaliandika, na wiki ile ile wakamwachisha kazi. Getini mzee alimshika fundi mkono. "Mwanangu, njoo nyumbani siku yoyote nikupe nakala ya programu ya ile mashine. Kontrola ikifa na nakala hamna, mtahangaika. Na tuzungumze kidogo."

"Nitakuja, mzee. Jumapili."

Jumapili gani? Ya kwanza kulikuwa na kwaya. Ya pili mvua. Baadaye akaona aibu kwenda mikono mitupu, na siku aliyonunua sukari akaona aibu zaidi, kana kwamba kilo mbili za sukari zingeweza kufuta jambo lile. Ikafika mahali akienda sokoni anazunguka kwa nyuma, ili asipite mbele ya nyumba ya mzee. Mnaijua hiyo njia ya kuzunguka? Usicheke, mama, na wewe unayo yako. Miaka mitatu ikapita hivyo, na mtu huyu kila Jumapili anaimba besi.

Asubuhi moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kontrola ikafa. Kiwanda kikaagiza nyingine. Ikaja mpya kabisa, bado imo kwenye plastiki yake. Fundi akaifunga ukutani, akaunga waya mmoja mmoja, safari hii kwa makini, akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Wafanyakazi wakapiga makofi, lakini mashine haikusogea. Akabonyeza tena. Kimya. Kisanduku kilikuwa kizima, ila ndani kitupu, hakuna aliyekipa maagizo.

"Nakala iko wapi?" meneja akauliza.

Fundi alijua iko wapi. Safari hii hakuzunguka.

Mlango aliufungua mke wa mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe." Akasogea pembeni kumpisha. "Miaka miwili ya mwanzo mzee alikuwa anakuulizia kila Jumapili. Akisikia hodi anasema, ni yeye huyo, wekeni chai. Karibu ndani. Ila usishangae, siku hizi kumbukumbu imempotea, hatutambui sisi. Hata mimi kuna siku ananiita dada."

Akaingia chumbani, akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na flashi, kile kidude cha kuhifadhia programu, imeviringishwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi limeandikwa jina la fundi. "Alitukataza tusiiguse," akasema.

Alichotumwa na meneja kilikuwa tayari mkononi. Angeweza kushukuru akaondoka, na kwa hili namsifu, kwamba hakuondoka. Alikwenda barazani. Mzee alikuwa amekaa na bakuli la skrubu mapajani, anazichambua, kubwa huku, ndogo huku. Fundi akapiga magoti.

"Mzee, ile mota niliiunguza mimi. Nikanyamaza, ukafukuzwa wewe. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mzee akaacha skrubu. Akamsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni mwenye shida.

"Mimi sijafukuzwa, bwana. Zamu yangu ni ya mchana, natoka sasa hivi. Lakini pole sana. Hilo ni jambo zito." Akafikiri kidogo, kisha akamwinamia. "Huyo mtu uliyemfanyia hivyo, umeshakwenda kumwona?"

Fundi akaokota skrubu iliyoanguka sakafuni, akairudisha bakulini.

"Mwendee," mzee akasema. "Usiogope. Huenda anakungoja."

Jioni ile mashine iliwaka. Flashi ilichomekwa, maagizo yakaingia, kisu kikashuka pale pale kilipokuwa kikishuka zamani. Watu wakashangilia. Fundi akasimama mbele ya kontrola analia, wenzake wakadhani ni furaha.

Ndugu zangu, msiniulize kama Mungu alimsamehe. Mungu anasamehe, na hata mzee alikuwa amesamehe siku ile ile getini, ndiyo maana alisema njoo. Uchungu wangu uko kwenye zile chai zilizowekwa mezani zikapoa, Jumapili baada ya Jumapili, za mtu aliyekuwa anaishi mtaa wa pili. Tulidhani msamaha ukishakuwepo utatungoja milele. Msamaha ulingoja. Aliyechoka ni mwenye kuutoa. Na kontrola ilipokufa tulipata nakala yake kwenye kopo la majani ya chai, lakini ya yule mzee tutaitafuta kwenye kopo gani?

Sisi tunasema Jumapili. Basi leo ni Jumapili. Naona kuna watu hapa wanaangalia viatu vyao. Siwatazami, nimegeukia dirishani. Tukimaliza sala usipitie nyumbani kubadili nguo, wala usitafute sukari. Pita ile njia ya mbele, upige hodi, ukamwambie wakati bado anajua wewe ni nani.