Nitinde, Nisitinde?

Ninyi watoto hamna huruma. Mtu kaketi zake anachambua mchicha, magoti yanalia kama mlango mbovu, mara mnamvamia, "Bibi, ngano! Bibi, ngano!" Mnadhani ngano naokota mvunguni? Na aliyeleta balaa ni huyu Siwatu. Tangu asubuhi yuko mbele ya kioo na uzi mkononi, ananiuliza, "Bibi, nitinde nyusi, nisitinde?" Mimi shule niliishia darasa la pili, mdomo wangu ulimshinda mwalimu. Nyusi zako nitazijulia wapi? Zangu zilidondoka zenyewe, wala hazikuniaga.

Lakini swali lako nimelisikia kabla hujazaliwa. Aliliuliza Chui. Haya, sogeeni. Wewe, weka kioo chini.

Masikio yako wapi?

"Kichwani!"

Na kichwa kiko wapi?

"Shingoni!"

Na shingo?

"Bado tunayo!"

Itunzeni basi, nianze.

Zamani hizo Chui alikuwa na nyusi. Si hizi zenu za kuhesabika. Nyusi! Nene kama ufagio wa chelewa, ndefu zinafika mdomoni. Akinywa mchuzi, anakunywa na nyusi. Akipiga chafya, chaa! nyusi zinaruka juu, macho yanachungulia kidogo, kisha nyusi zinashuka, pa! Giza.

Sasa Chui akaenda kuposa ng'ambo ya kilima. Mama wa mchumba akatoka, akamtazama. Akamzunguka. Akaokota kijiti, akainua nyusi moja, akachungulia.

"Hodi! Humu ndani kuna mtu?"

"Nipo, mama," akasema Chui.

Mama akaishusha ile nyusi polepole, kama mtu anayefunika chungu.

"Baba, mwanangu simwozi kichaka. Nenda kajitengeneze, Ijumaa uje nikuone macho."

Chui akarudi anawaka moto. Akawa anakwenda huku, anarudi huku. "Nyusi zangu hizi! Alikuwa nazo baba, alikuwa nazo babu! Nitinde? Nisitinde?" Na kutinda, huku kwetu, mnajua wenyewe, ni kuzipunguza nyusi kwa uzi au kwa wembe, zikae kama mwezi mchanga.

Njiani akamkuta Kwale.

"We Kwale! Nitinde, nisitinde?"

"Tinda, bwana wangu! Utapendeza!"

"Yaani sasa hivi sipendezi?"

Nyaf! Akamla. "Ushauri mbaya," akasema Chui akijichokoa meno, "lakini nyama tamu."

Akaenda, akaenda, akamkuta Digidigi.

"We Digidigi! Nitinde, nisitinde?"

"Usitinde, bwana! Ndivyo Mungu alivyokuumba!"

"Yaani nikose mke?"

Nyaf! "Ushauri mbaya, lakini nyama tamu."

Akaenda, akaenda, akamkuta Sungura. Sungura akakuna kichwa, akajifanya anazo akili nyingi, akasema, "Bwana, tinda moja, moja acha. Kila mtu ataridhika."

Nyaf! Naam, Sungura. Msinitolee macho. Mmezoea kumsikia anashinda kila siku, leo kaliwa. Ngano ni yangu, namlisha nimtakaye.

Habari zikaenea porini. Ukisema tinda, umeliwa. Ukisema usitinde, umeliwa. Ukisema nusu nusu, umeliwa mzima. Wanyama wakajifungia. Njia zikawa tupu, hata nzi walikuwa wanapita pembeni.

Aliyebaki nje ni Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Kamnyama kembamba, kafupi, mkia kama utambi wa taa. Huyo alikuwa mjane, ana watoto sita kwenye kichuguu, hata macho hawajafumbua. Wenzake walikimbia, yeye atakimbia na nani mdomoni, na nani amwache? Akabaki mlangoni kwake anawatoa viroboto, mara akasikia majani, chakara chakara, chakara chakara. Chui huyo.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Nguchiro! Nitinde, nisitinde?"

Nguchiro akamtazama. Katika nyusi ya kulia aliona unyoya wa Kwale umenasa, bado mbichi. Ndani ya kichuguu watoto wakalia, nyii, nyii, nyii. Chui akasimamisha masikio.

"Hao ni wangapi?"

"Hao ni kelele tu, bwana, nyama hawana. Turudi kwenye nyusi. Mtu mkubwa kama wewe unazunguka pori zima unauliza nitinde, nisitinde? Hilo ni swali la watoto. Wakubwa huuliza, nani anitinde?"

Chui akafikiri. Ilimchukua muda, kufikiri hakukuzoea.

"Haya. Nani anitinde?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyu Nguchiro aliwahi kukaa kaskazini, kwa Nyati. Na Nyati wa kaskazini wana Kiswahili chao. Njoo wanasema ndoo. Macho wanasema mato. Chini wanasema tini. Na kuchinja je? Kuchinja kuku, kuchinja mbuzi, wao wanasema kutinda. Mnacheka nini? Chui alikuwa hajui, ndiyo maana hakucheka.

Na Nyati hao walikuwa na neno na Chui. Mvua zilizopita ndama wao alipotea, wakakuta mifupa na unywele mrefu wa nyusi. Lakini Nyati ni watu wa adabu, hawamgusi mtu asiyekiri. Kila walipomwuliza, Chui alisema, "Sikumla mimi." Nao wakainamisha pembe, wakarudi malishoni.

Nguchiro akasema, "Nenda kwa Nyati, bwana. Nimekaa kwao, nimewaona kwa macho yangu. Mtu akishatindwa na Nyati, hajarudi hata mmoja kulalamika."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na ujira wao?"

"Hawataki kitu. Kwako wewe watafanya kwa moyo mmoja."

Chui akafurahi, maana vya bure alivipenda. Kisha akalamba midomo. "Huko kwao kuna ndama?"

"Wapo tele."

"Twende! Na wewe panda mgongoni unionyeshe njia. Ukinidanganya, nakula wewe, kisha narudi kula zile kelele zako sita."

Kumbe alishazihesabu, mwana kizimwi! Nguchiro akapanda na roho mkononi. Akakaa juu ya kichwa cha Chui, akaishika nyusi moja huku na nyingine huku, akazifungua kama pazia ili bwana aone njia. Nenda, nenda, nenda. Njia nzima akamfundisha: "Wale watu wanapenda kuombwa. Waite kwa lugha yao, useme ndoo. Uombe mara tatu, kwa sauti. Na useme umestahili, wasione unawadharau."

Wakafika. Nyati wamejaa uwanda mzima, wanatafuna, mchwa mchwa, mchwa mchwa. Nguchiro akashuka, akarukia mti wa mgunga. Pazia likafungwa, pa! Chui akapaza sauti.

"Ndoo! Ndooni mnitinde!"

Nyati wakaacha kutafuna.

Akatoka ajuza mmoja, Bi Nyati Mkuu, pembe zake pana kama nira. "Ewe Chui, wasemaje?"

"Nasema mnitinde!"

"Tukutinde wewe? Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu! Nimestahili!"

Bi Nyati akawageukia wenzake. Wenzake wakamgeukia yeye.

"Lini wataka?"

"Leo hii! Ijumaa naoa!"

"Yaani watindwa kwanza, kisha waoa?"

"Ndivyo alivyotaka mama mkwe! Kanituma mwenyewe!"

Nyati mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe mkali huyo." Mwenziwe akasema, "Mimi wangu simlaumu tena."

"Tukutinde kidogo au sana?" akauliza Bi Nyati, maana adabu ni adabu.

"Kidogo cha nini? Mlikuwa wapi siku zote? Nitindeni kulia, nitindeni kushoto, mpaka mridhike!"

"Basi lala tini."

Chui akalala. Akafumba macho, akainua kidevu, akajiona bwana arusi. Bi Nyati akamsogelea, akapumua, fuuu.

"Chui, kabla hatujakutinda. Ndama wetu ulimla?"

"Ndama yupi, yule wa mvua zilizopita? Aa, nilimla bwana, mtamu sana. Lakini ndama na kutindwa vinahusiana nini? Anzeni kazi!"

Kisha akasikia chini ya mgongo wake ardhi inatetemeka. Gudu. Gudu gudu. Gudu gudu gudu gudu! Akainua nyusi moja kwa kucha, achungulie fundi. Hakuona uzi wala wembe. Aliona pembe, na nyuma ya pembe, pembe, na nyuma ya hizo, vumbi.

"Mama weee! Si huku! Nyusi! Nilisema nyusi!"

"Hukutaja nyusi!" Nyati wakanguruma. "Umetaka kutindwa, utatindwa!"

Chui akatimka. Nyusi zikashuka, pa! Giza. Akakimbia kipofu, akagonga kichuguu, puu! Akainuka, akagonga Nyati, puu! Akaomba radhi, akakimbia tena, akaingia kichwa mbele kwenye ule mgunga wenye miiba, na zile nyusi zikanasa. Ya kulia tawi hili, ya kushoto tawi lile. Akavuta, hazitoki. Akarudi nyuma, hazitoki. Akaning'inia kama shati kwenye kamba, na Nyati huku wanakuja, gudu gudu gudu gudu!

Akageuza kichwa kidogo. Juu ya tawi, jirani na sikio lake, ameketi Nguchiro, anajilamba kucha.

"Nguchiro, dada yangu! Nikate! Una meno makali, nikate nitoke!"

"Bwana, kazi hiyo ni kubwa," akasema Nguchiro, "nami naogopa kutoa ushauri. Nitinde, nisitinde?"

"Tinda!"

"Yaani sasa hivi hupendezi?"

"Sipendezi! Mbaya mimi! Natisha! Tinda!"

"Na zile kelele zangu sita?"

"Sizigusi! Sizigusi wala wewe, wala ukoo wako, wala kichuguu chenu! Naapa kwa roho ya mama yangu!"

"Sema kwa sauti, Nyati ni mashahidi."

"NAAPA!"

Nguchiro akaweka meno. Kwi kwi kwi, kwi kwi kwi, ya kulia! Gudu gudu gudu! Kwi kwi kwi, ya kushoto! Chui akachomoka, akarukia juu ya mgunga, huu! Pembe ya Bi Nyati ikapita chini yake, ikachukua kipande cha gome. Na nyusi zile zikabaki miibani zinapepea, na mizizi yake, na ngozi kidogo. Hazikuota tena.

Nguchiro akazikusanya, akarudi kwake mbio. Akawakuta watoto wote sita, nyii, nyii, nyii. Akazitandika chini, wakalala laini wakafumbua macho humo humo.

Ijumaa Chui akaenda kwa mkwe, kapita mti hadi mti, akaning'iniza kichwa mlangoni. "Mama, macho haya hapa."

Mama mkwe akayatazama kwa makini, moja, na la pili. "Sasa nimekuona, baba," akasema. "Ndiyo maana Mungu alikuwekea pazia." Akafunga mlango.

Basi. Hadithi yangu imekwisha, iliyobaki kwenye sinia ni makombo. Asiyeshiba akapike yake.

Fundisho? Lazima kuwe na fundisho? Haya. Fundisho la kwanza, msidanganye watu. Nguchiro hakudanganya hata neno moja, mmeona alivyofanikiwa. La pili, mkubwa akikuomba ushauri, mpe haraka, kama Kwale. La tatu ni lako, Siwatu: nyusi zako, uzi wako. Ukitaka tinda, usipotaka acha, mimi niachie mchicha wangu.

Nani huyo anauliza kuhusu ndama? Eeh, wewe una akili. Nyati hawakusamehe. Walikaa chini ya mgunga siku tatu, mpaka Chui akakubali kulipa kwa masharti yao: nchi ya chini si yake tena, akionekana anakula juu ya nyasi, atatindwa pale pale, kwa Kiswahili cha kaskazini. Ndiyo maana mpaka leo, akipata nyama, hawezi kukaa akala kama watu. Anaibeba mdomoni, nzito kama yeye mwenyewe, anaipandisha mtini, hu, hu, hu, na jasho lote linamwingia machoni, maana hana nyusi ya kulizuia.