Amiri na Bakuli Lisilozama

Wamesimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na amiri mchamungu, Dhakwani bin Musafiri, aliyetawala mji wa Wadi Salima chini ya milima mikavu. Mji mzima uliishi kwa mfereji mmoja. Kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake ya maji, na zamu ilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini. Liliwekwa lielee kwenye beseni; likijaa likazama, zamu imekwisha na lango la maji la shamba hilo linafungwa.

Mwaka mmoja mvua ilikatika. Mjane aitwaye Shumaysa akaingia barazani mbele ya watu wote. Shayiri yake ilikuwa inakauka, na hakuwa na kingine cha kuwalisha mayatima wake.

"Ewe Amiri," alisema, "kwangu bakuli linazama maji hayajafika hata nusu ya shamba. Kwako halizami. Labda nalo linakuogopa."

Wapo walioinama kuficha kicheko. Dhakwani, mtu asiyewahi kula hata tende ya mwenziwe, damu ikamchemka.

"Unaniita mwizi, mama?"

"Sijakuita mwizi. Nimesema halizami. Njoo utazame."

"Nitakuja. Na likizama kama kwa wengine, zamu yako nampa mtu mwingine."

"Nimeridhia."

Siku hiyo hiyo ilikuwa zamu ya Amiri. Akashuka kwa miguu hadi mferejini, watu nyuma yake. Akalitoa bakuli majini, akaligeuza. Tundu lilikuwa limezibwa kwa nta, pakaachwa upenyo wa kupita sindano.

Luqaysi, msimamizi wa maji, akasogea mbele. "Ni heshima tu, ewe Amiri. Hata aliyekutangulia nilimfanyia hivi."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza. Wala hakuna aliyewahi kuja kutazama."

Mshauri wake akamsogelea sikioni: "Mchape huyu hapa hapa, watu waone. Jina lako litabaki safi."

Na njia hiyo ilikuwa tamu, maana wallahi hakujua. Nani angemlaumu? Lakini akamgeukia Luqaysi tena.

"Maji yaliyozidi yameingia shamba la nani?"

"Lako, Amiri."

"Basi wa kuulizwa na Mola wangu ni mimi."

Akashika jembe kwa mkono wake, akaliziba lango la bustani yake kwa udongo, akatangaza kwamba halitaingia hata tone mpaka mvua irudi. Zamu yake akampa Shumaysa, kisha mafukara waliofuata. Luqaysi aliondolewa kazini, akaambiwa amlimie mjane. Mikomamanga ambayo Amiri aliipanda mwenyewe ikakauka mti baada ya mti. Wakamsihi anyweshe japo mmoja. Alikuwa akipita hapo kila alfajiri akienda kuswali, akiitazama, wala hakunywesha hata mmoja. Na watu wa Wadi Salima, waliokuwa wakigombania maji kwa visu, wakaona haya kugombana.

Enyi mnaoongoza makampuni na maduka, neno "sikujua" msilivae kama hirizi. Walio chini yenu watawaibia wengine kwa ajili yenu, bila kutumwa, na wataita heshima. Mkishiba msichokitolea jasho, ulizeni kimetoka kwa nani. Kutazama si hisani kwa kiongozi. Ndiyo amana yenyewe, na Mwenye amana haulizi kama ulijua, anauliza kama ulitazama.