Nguchiro, Ngiri na Tundu la Nyuma

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na shimo!
Shimo la nani?
— La Ngiri!
Analo bado?
— Hatujui, bibi!
Basi zimeni hivyo vinavyowaka viganjani mwenu, mjue.

Hapo kale aliishi Ngiri. Nguvu alikuwa nazo, na uchoyo uliozidi nguvu. Bonde zima la ndago, vile vimizizi vitamu vya ardhini, alisema ni lake. Kwale akidonoa pembeni, Ngiri mbio, pu-pu-pu-pu! Panya akinusa tu, Ngiri mbio, pu-pu-pu-pu!

Nyumbani alikuwa na shimo zuri, alilochimbiwa na Mhanga. Jua likizama aliingia kama walivyoingia babu zake: watoto kwanza, mkewe Nyamizi, kisha yeye kinyumenyume, makalio ndani, meno nje. Chui alipita, akayaona meno, akaenda kutafuta wajinga wengine.

Sasa Nguchiro, kadude kembamba kama mwiko, alifukuzwa bondeni na watoto wake wakalala njaa. Hakulia. Alihamia kwenye kichuguu kikavu kando ya njia, akajificha ndani, akawa sauti.

"Bwana mkubwa!" kichuguu kiliita. "Ng'ambo ya mlima tembo wawili wanasukumana. Mwekundu na Mweusi. Nani atamwangusha mwenzake?"

Ngiri akasimama. "Nani anayesema?"

"Usinitafute mimi, tafuta bahati yako. Tumbukiza ndago moja tunduni, taja tembo. Na ucheze kwa staha, tafadhali."

Ngiri hakuwahi kufika ng'ambo ya mlima. Babu yake hakuwahi. Lakini mpe mwanamume tembo wawili asiowajua, atakueleza mpaka mguu unaowauma.

"Mwekundu!" alisema. "Mweusi goti lake bovu."

Akatumbukiza. Tubwi!

Kimya. Kisha kule ndani, kiri-kiri-kiri, zikatoka ndago mbili, zikabingirika hadi kwatoni pake.

"Mwekundu kashinda! Una jicho, bwana mkubwa!"

Siku hiyo Ngiri alitembea kama mwenye mlima. Kesho yake akarudi. Tubwi! "Lo, Mwekundu kateleza mwishoni. Nusura, bwana mkubwa!" Tubwi! "Nusura!" Akaleta kikapu. "Nusura!" Nusura kwa nusura, bonde likabaki vumbi, na kule ndani watoto wa Nguchiro wakanenepa hadi mashavu yakafunika macho. Na kila baada ya tubwi, ile sauti haikusahau adabu: "Cheza kwa staha, bwana mkubwa!"

"Baba Masele," alisema Nyamizi, "watoto wamelalia maji."

"Kesho narudisha zote."

"Hao tembo nani aliyewaona?"

"Mambo ya tembo huyajui wewe."

"Ya njaa nayajua. Twende kwa Mhanga. Naye aliliwa palepale, akabaki na ulimi. Sasa hukaa na wenzake walioliwa. Mguu ukimwasha mmoja wao kwenda kichuguuni, husema mbele ya wote, na wenzake humkalia mpaka uache kuwasha. Hawatozi kitu."

"Mimi? Mwenye meno haya? Nikakaliwe na mla mchwa?"

Lakini neno lilimchoma. Siku hiyo hakwenda mbele ya kichuguu, alizunguka nyuma, akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Akakuta tundu jingine, limefunikwa jani pana la kumsitiri anayelia.

"Karibu Tundu la Msaada," ilisema sauti, nyembamba kama ya mtu aliyejibana pua.

"Siwezi kuacha," Ngiri alisema. Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Machozi yalimshuka, yakapita katikati ya chunjua za mashavuni. "Nimewanyima watoto wangu. Nisaidie."

"Pole sana, mzee wangu. Umefanya jambo la kishujaa. Ushauri wetu: pumzika. Umepumzika?"

"Kidogo."

"Hongera! Kwa ushujaa wako tunakuzawadia ndago moja ya bure. Inatumika tundu la mbele tu."

Ngiri mbio, pu-pu-pu-pu! Tubwi! Nusura.

"Sina kitu tena," alisema, akihema.

"Una shimo," kichuguu kilijibu kwa upole.

Ngiri akafumba macho. Aliiona mikia ya watoto wake ikiingia gizani, mmoja baada ya mwingine, na yeye nyuma yao kama komeo. Aliiona vizuri kabisa. Kisha akasema, "Mwekundu."

Safari hii hapakulia tubwi. Shimo halitumbukizwi shimoni.

"Nusura, bwana mkubwa."

Ngiri alikimbia kwake jua likizama. Juu ya miamba Chui alikuwa anakohoa. "Shimo langu," alisema Ngiri, "nione nani atanitoa!" Akaingia kama walivyoingia babu zake, kinyumenyume. Tatizo la kuingia kinyumenyume ni kwamba humwoni aliyekutangulia. Nguchiro alikwisha kumpangisha Nungunungu tangu asubuhi, kabla tembo hawajaanza kusukumana.

Chwi! Chwi! Chwi!

"Hodi hujui?" alifoka Nungunungu. "Hapa nimelipia!"

Ngiri alitoka na miiba makalioni, mkia umesimama wima kwa uchungu. "Nyamizi! Watoto!"

"Tuko huku," Nyamizi alijibu kutoka kwa Mhanga, ng'ambo ya korongo. "Tumehama tangu mchana. Wamekula."

"Nipisheni niingie!"

"Ingia. Lakini kwa Mhanga hakuna kinyumenyume. Tanguliza kichwa. Kichuguu ukipe makalio, sisi utupe uso."

Chui akakohoa karibu zaidi. Ngiri mbio, pu-pu-pu-pu, mkia juu! Alikuwa amebakiza hatua chache, anasikia watoto wanavyopumua, ndipo sauti ikaita nyuma yake:

"Bwana mkubwa! Ng'ambo ya mlima tembo wameamka!"

Ngiri akasimama. Sikio moja kwa watoto, sikio moja kwa kichuguu.

"Baba!" aliita Masele.

Mpaka leo ukipita porini utamwona. Hukimbia, mkia juu kama mlingoti, kisha ghafla husimama na kugeuka, kama aliyesahau kilichomkimbiza. Wanaosema ni msahaulifu hawamjui. Hajasahau. Anamfikiria Mwekundu.

Na funzo? Chezeni kwa staha, wajukuu zangu. Nguchiro alisema waziwazi tena kwa kurudia, mlitaka afanye nini zaidi, naye ana watoto? Na mkizidiwa msione haya, tafuteni msaada: kila kichuguu kizuri kina tundu lake la nyuma. Kwa Mhanga msiende. Huko ni bure, tena wanakutazama usoni.

Hadithi niliikuta njiani, njiani naiacha. Ikiwa tamu, mgawieni aliyelala. Ikiwa chungu, basi mmeisikia vizuri.