Salamu za Mama Komba

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa chungu jikoni.

Basi kaeni vizuri. Wewe uliyeegemea mlango, usinizibie upepo.

Mchana mmoja wa jua la kulegeza macho, Mama Komba alikuwa anapika mhogo wa nazi. Chungu kinasema toko, toko, toko. Mhogo wenyewe ndio wa mwisho, na watoto wake mapacha hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Mama Komba naye mnamjua, mchana macho yake ni ya usingizi. Akikoroga anasinzia, akisinzia anakoroga.

Mara akasikia pu, pu, pu. Moyo ukamdunda. Bwana Ngiri huyo anakuja.

Ngiri huyu alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini hakumpora mtu hata siku moja. Apore kwa nini, na watu wana adabu? Alikuwa anapita tu majumbani saa ya chakula. Wenyewe wakimwona wanasema karibu, kama ilivyo ada. Mwingine akikaribishwa hujibu asante, nimeshiba, hata kama utumbo unamlia. Ngiri akikaribishwa anakaa. Alimaliza chungu cha Digidigi, akamaliza cha Nungunungu, na hakuna aliyethubutu kunyamaza, maana njaa waliiweza, kuitwa wachoyo hawakukuweza.

"Karibu," akasema Mama Komba.

"Nimekaribia," akasema Ngiri. Akakaa, akanyoosha mkono.

Mama Komba akawatazama mapacha wake, akaona uchungu hasa. Kisha akasema polepole, kwa sauti yake ile ya usingizi, "Kabla hujala, shemeji. Za nyumbani?"

Mkono wa Ngiri ukasimama hewani. Mtu anayejuliwa hali hajibu na tonge mdomoni.

"Nzuri."

"Shangazi Kidawa hajambo?"

"Hajambo."

"Na ule mguu wake?"

"Umepona."

"Mjomba Makame hajambo?"

"Hajambo."

Na ukoo wa ngiri mnaujua ulivyo. Mama Komba akauliza wa bondeni, akauliza wa mlimani, akauliza waliozaliwa na walio njiani kuzaliwa. Sauti inashuka, jua linabembeleza, chungu kinasema toko, toko. Hajambo, anajibu Ngiri. Hajambo. Haja... Kichwa kikamlalia kifuani, khoro, khoro, usingizi wa pono.

Mapacha wakala mpaka wakakwangua chungu. Mama Komba akachovya kidole kwenye tui lililobaki, akampaka Ngiri midomoni taratibu, kama anampaka mtoto mafuta.

Ngiri akaamka, ameota anakula. Akalamba mdomo, nazi. Akachungulia chungu, kitupu. Tumbo linanguruma, lakini atasemaje? Aseme alisinzia huku anajuliwa hali?

"Umeshiba, shemeji?"

Ngiri akafikiri sana. "Asante," akasema. "Nimeshiba."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo.

Hadithi yangu nimeifunika hapo, atakayeifunua ajipakulie. Na funzo lake, wajukuu zangu, ni ukarimu: mgeni akija mpeni chakula kwanza, maneno baadaye. Tena nanusa chungu changu kimeiva. Sogeeni, sogeeni, karibuni.

Ila kabla hatujala. Mama zenu hawajambo?